Utambi, pampu na pikapu niliyoiua

Pikapu ya kwanza niliyoiua haikutoa moshi wala kishindo. Ilikuwa ya koili moja, ile ya shingoni, kwenye gitaa la rafiki yangu aliyeniachia akisema, "Kaka, wewe si mtu wa waya? Hii swichi inakwaruza, niangalizie." Tuelewane mapema: pikapu ninayoisema ni sumaku iliyozungushiwa waya inayokaa chini ya nyuzi, si gari la mizigo, na jeki nitakayoitaja huko mbele ni tundu la kuchomekea waya, hainyanyui chochote.

Swichi niliibadilisha bila shida. Shida niliitafuta mwenyewe. Niliona waya wa ile pikapu umekatwa na kuungwa mara mbili na aliyenitangulia, nikajiambia hapana, kazi hii lazima iwe safi, nitautoa waya wote kuanzia kwenye kitako cha pikapu niweke mpya. Ukiigeuza pikapu ya aina hiyo utaona kwenye kitako vitundu viwili vilivyojazwa lehemu, ile metali laini inayoyeyushwa ili kuunganisha waya. Waya mnene unaokwenda kwenye swichi unaanzia hapo. Nisichokitazama ni kwamba ndani ya tone lilelile la lehemu ndipo unapoishia pia waya wa koili, na waya huo una unene wa milimita 0.063 hivi. Ni unywele. Umezungushwa mara elfu kadhaa, na miisho yake yote miwili iko kwenye hayo matone.

Nilikuwa na pasi ya kulehemu ya wati 25 yenye ncha iliyochongoka kama penseli, na utambi wa shaba, yaani ukanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa wa kunyonyea lehemu, niliokuwa nimeununua siku hiyohiyo. Nikaulaza utambi juu ya tone, nikaweka ncha ya pasi juu yake, nikasubiri. Kimya. Nikakandamiza. Bado. Nikakandamiza zaidi huku nikiusogezasogeza utambi kama mtu anayesugua sufuria, hatimaye wekundu wa shaba ukageuka rangi ya fedha, lehemu ikapanda. Nikafurahi, nikainua pasi. Kisha nikainua utambi. Lehemu iliyobaki chini ilikuwa imeshaganda na kuushika, kwa hiyo utambi ulipotoka ulitoka na vyake. Niliona kitu kinameta kwenye mwanga, chembamba sana, nikadhani ni uzi mmoja wa utambi umechomoka. Multimita, kile kipimo cha umeme, ikasema vingine. Kabla ya kuanza nilikuwa nimepima ukinzani wa kiloomu 5.9. Sasa haikusoma kitu: koili imekatika.

Watu wakiniuliza wanunue kifaa gani cha kuondolea lehemu, hutarajia nitaje jina la kampuni. Mimi huanza kwa kuuliza hiyo lehemu imekaa wapi. Swali hilo halikunijia siku ile, na pikapu ndiyo iliyolipa.

Fungua kifuniko cha gitaa la umeme la kawaida. Mara nyingi hukuti bodi ya saketi humo. Unakuta poti (vile vidhibiti vya kuzungusha) mbili, tatu au nne za sauti na toni, swichi, kapasita moja au mbili, jeki, na waya zinazokatiza huku na huku. Waya umepitishwa kwenye tundu la sikio, kile kibati cha kuungia waya, la poti au la swichi, ukakunjwa kidogo, ukalehemiwa. Kwa kiungo cha namna hiyo, kifaa cha kwanza cha kuondolea lehemu ni pasi yenyewe pamoja na kibano. Unagusisha ncha yenye lehemu mbichi kidogo, unahesabu moja, mbili, tone linalainika, unavuta waya. Basi. Ilinichukua muda mrefu kulikubali hilo, maana nilikuwa nimenunua vifaa na nilitaka vifanye kazi. Nilikuwa nanyonya lehemu yote mpaka sikio ling'ae ndipo nivute waya, na hivyo nikalichoma sikio mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Kwenye swichi zenye plastiki utaijutia tabia hiyo: sikio linaanza kucheza ndani ya plastiki iliyolainika, na swichi ikipoa limeganda likiwa limeinama.

Kinachohitaji kunyonywa ni tundu la sikio baada ya waya kutoka, kama unataka kupitisha waya mwingine hapo. Kazi hiyo pampu ya mkono inaitosha kabisa.

Pampu ya kunyonya ni mrija wenye springi ndani. Unasukuma kijiti mpaka kikwame, unayeyusha lehemu, unasogeza pua ya pampu, unabonyeza kitufe, springi inafyatuka na kuvuta hewa kwa ghafla pamoja na lehemu. Maelezo ni mepesi hivyo, lakini mwezi mzima wa kwanza nilikuwa nanyonya hewa. Nilikuwa nayeyusha, naondoa pasi, ndipo naleta pampu. Lehemu ya bati na risasi yenye mchanganyiko wa 63 kwa 37 huganda kwenye nyuzijoto 183, na kwenye sikio dogo inafika hapo kabla hujapepesa jicho. Fundi mmoja wa redio, mzee aliyekuwa akinivumilia kwenye meza yake, alinitazama nikihangaika kisha akacheka. "Kijana, unamngoja nani?" Akanishika mkono na kuuongoza: pua ya pampu inakaa palepale, karibu kabisa na ncha ya pasi, pasi ikiwa bado imeikalia lehemu, na kitufe kinabonyezwa wakati vyote viwili vipo. "Sasa." Tundu likawa wazi, nikaona meza kupitia kwenye sikio.

Nilimwambia naogopa kuunguza pua. Akaniambia, "Imetengenezwa kwa ajili hiyo." Nyingi zina pua ya teflon, ambayo inavumilia kuguswa na pasi kwa muda mfupi. Zipo nyingine zenye kimrija cha silikoni puani, kama Engineer SS-02 ya Kijapani, na hizo ndizo nilizozipenda baadaye kwa sababu kimrija kinabonyea na kulikumbatia tone zima pamoja na ncha ya pasi, hewa haivujii pembeni. Pua ngumu ikikaa mshazari kidogo tu, inavuta hewa ya chumba na lehemu inakutazama.

Pampu pia ina mateke. Zile ndefu zenye springi kali huvuta vizuri, lakini kijiti kinaporudi mkono mzima unaruka na pua inapiga kilicho mbele yake. Nimewahi kukwangua rangi ya gitaa kwa namna hiyo, milimita tano hivi, pembeni ya tundu la jeki. Tena kila unaposukuma kijiti upya, vipande vya lehemu iliyonyonywa awali vinatemwa mbele. Mara moja nilivitemea ndani ya tumbo la gitaa. Nikamaliza kazi, nikafunga, nikachomeka waya: gitaa bubu. Nikafungua, nikapima, kila kiungo kizuri. Nikaligeuza gitaa nikalitikisa, nikasikia chembe zinacheza. Moja ilikuwa imejibana kati ya masikio mawili ya swichi, ukubwa wake kama mbegu ya ufuta, ikiunganisha waya wa sauti na wa athi, yaani wa ardhi. Siku hizi nafunika mwili wa gitaa kwa kitambaa kinene kilichotobolewa mahali pa kazi, na kijiti nakisukuma pua ikiwa ndani ya kopo, mbali na gitaa.

Pampu ikianza kuvuta kinyonge, usikimbilie kununua nyingine. Ifungue. Ndani utakuta mchanga wa lehemu, na pete ya mpira iliyokauka. Futa, paka pete grisi ya silikoni kidogo, rudisha. Niliyonayo mkononi nimeshaifanyia hivyo mara nyingi kiasi kwamba maandishi ya ubavuni yamefutika.

Sasa mgongo wa poti. Hapa ndipo wengi huanza kuchukia kulehemu, na ndipo nilipoelewa kwamba kifaa changu kibovu hakikuwa pampu wala utambi.

Waya za athi za gitaa mara nyingi hukutana kwenye migongo ya poti. Wavu wa shaba unaoizunguka waya ya pikapu, waya unaotoka kwenye daraja la nyuzi, mguu mmoja wa kapasita ya toni, na sikio moja la poti ya sauti lililokunjwa mpaka likagusa ganda, vyote vimelehemiwa hapo kwa mabonge makubwa. Ganda hilo ni chuma, nalo linameza joto. Unapogusisha ncha nyembamba ya pasi dhaifu, joto linaloingia linasambaa na kupotea haraka kuliko linavyojilimbikiza kwenye bonge. Lehemu inalainika ukingoni, inakuwa kama uji mzito, haimwagiki. Unangoja. Unangoja tena. Wakati huo joto halijalala. Linatembea polepole kupitia kwenye ganda na mhimili mpaka kwenye njia ya kaboni iliyo ndani, ile ambayo kidole cha poti hutelezea juu yake, na kwenye grisi inayoifanya poti izunguke kwa ulaini.

Nilishikilia pasi ya wati 25 kwenye mgongo wa poti ya kiloomu 250 karibu dakika nzima. Bonge hatimaye lilitoka, na nikajipongeza. Poti ilipopoa ilikuwa inakwama katikati, na sauti ikawa inaruka kutoka ukimya hadi kelele bila kupita katikati. Kwa hiyo niliua poti ili niokoe poti.

Baadaye niliazima pasi ya wati 70 yenye kidhibiti cha joto na ncha bapa ya milimita 5, nikaiweka kwenye nyuzijoto 390. Nilipoona namba hiyo niliogopa. Nilikuwa naamini joto dogo ndilo salama. Nikalaza ubapa wote wa ncha juu ya bonge, nikaongeza tone la lehemu mpya ili joto lipite, nikahesabu. Sekunde tatu, bonge zima likayeyuka na kung'aa kama zebaki. Nikavuta waya kwa kibano, nikaondoa pasi. Niligusa upande wa pili wa poti, kwenye mhimili, ulikuwa vuguvugu tu. Pasi kubwa iliyogusa kwa sekunde tatu ilikuwa na huruma kuliko pasi ndogo iliyogusa kwa dakika.

Ndiyo maana mtu mwenye fedha ya kifaa kimoja namwambia akanunue pasi. Si lazima iwe ya gharama kubwa, lakini iwe na nguvu ya kutosha, kidhibiti cha joto, na ncha zinazobadilishika, angalau moja bapa na pana. Pampu na utambi havileti joto. Vinasubiri joto la pasi. Nimeona watu wakibadilisha pampu tatu ilhali pasi yao haina uwezo wa kuyeyusha kile pampu inachotakiwa kunyonya.

Bonge la mgongo wa poti likishayeyuka, kuna haja ya kulisafisha? Mara nyingi hakuna. Waya mpya unaweza kukaa kwenye bonge lilelile, ukiongeza lehemu mbichi kidogo. Likiwa limekuwa kilima kwa sababu kila fundi aliyepita ameongeza lake, hapo nachukua utambi mpana.

Sijui nani wa kwanza kuuita utambi kwa Kiswahili, lakini jina limekaa sawasawa: kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta ya taa, ndivyo nyuzi za shaba zilizosukwa zinavyonyonya lehemu iliyoyeyuka kupitia nafasi finyu zilizo kati yao. Kinachoirahisisha safari hiyo ni flaksi, ile dawa inayotokana na utomvu wa msonobari, inayokula kutu ya juu ya shaba ili lehemu ikubali kushika. Utambi mzuri huja umepakwa flaksi tayari. Utambi uliokaa wazi mwaka mzima droo ikifunguliwa kila siku unapoteza ule wekundu, unakuwa kahawia, na hata ukiupasha joto vipi lehemu inaukataa. Ule wangu wa siku ya pikapu ulikuwa mpya kabisa lakini mkavu, hauna dawa yoyote. Nilikuja kugundua hivyo nilipoupaka flaksi kutoka kwenye chupa ndogo na kujaribu tena: ukanywa kwa sekunde mbili. Tangu hapo kalamu ya flaksi haikosekani mezani. (Flaksi ya asidi, ile ya mafundi bomba, iache hukohuko kwenye mabomba. Inaendelea kula waya hata baada ya wewe kwenda kulala.)

Upana nao una maana yake, na nilidhani ni suala la kumaliza haraka. Utambi ni shaba, na shaba hukimbiza joto. Utambi wa milimita 3 kwenye kiungo kidogo, mbele ya pasi ndogo, unakuwa kama kuchota maji kwa kikapu: joto lote linapanda kwenye utambi na kuishia kwenye vidole vyako. Kwenye mgongo wa poti natumia huo mpana na ncha bapa. Kwenye bodi natumia wa milimita 1.5 hadi 2. Nimejifunza pia kukata kipande cha sentimita tatu nne na kukishika kwa kibano badala ya kutumia ukiwa kwenye gurudumu lake, kwa sababu kipande kifupi kinashika joto haraka, hakina mkia wa kulipelekea joto. Sehemu iliyojaa fedha inakatwa na kutupwa, haitanywa tena.

Na pasi na utambi vinainuliwa pamoja. Pamoja. Ukiona utambi umeganda, usiuvute. Rudisha pasi, yeyusha, kisha inua vyote. Sentensi hiyo fupi ingeiokoa ile pikapu.

Mambo hubadilika ukitoka kwenye gitaa ukaingia kwenye pedali (kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa), kiolesura cha sauti cha kompyuta au bodi ya amplifaya. Hapa lehemu haipo kwenye ndoano, ipo ndani ya tundu lenye ukuta wa shaba unaounganisha uso wa juu na wa chini wa bodi. Mguu wa kifaa umejaza tundu hilo karibu lote. Ukivuta kabla lehemu haijayeyuka hadi chini, ukuta unatoka pamoja na mguu, na pete ya shaba iliyogandishwa juu ya bodi inabanduka kama gamba la kidonda.

Tena lehemu yenyewe si ileile. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kupunguza risasi kwenye vifaa vya umeme ilipoanza kutumika Julai 2006, viwanda vingi vilihamia kwenye mchanganyiko wa bati wenye fedha na shaba kidogo, ambao huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 217 hivi. Kwenye bodi unaitambua kwa ukijivu wake na kwa ubishi wake. Dawa niliyofundishwa na yule mzee ilinichekesha kwanza: ili kutoa lehemu, ongeza lehemu. Unayeyushia kwenye kiungo lehemu ya kale yenye risasi, zinachanganyika, kiwango cha kuyeyuka kinashuka, joto linapita vizuri, kisha unanyonya zote. Tone kavu lililokataa pampu mara tano hutoka mara moja baada ya kulishwa. Nafanya hivyo hata kwa lehemu ya zamani yenye risasi, kwa sababu iliyozeeka imejaa kutu na haina tena flaksi.

Pedali iliyonifundisha adabu ilikuwa na swichi ya mguu yenye miguu 9, safu tatu za tatu, imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Swichi ilikuwa imekufa. Nikanyonya mguu wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa, na kila mguu ulibaki na utando mwembamba wa lehemu ubavuni uliotosha kuishikilia swichi yote. Nikarudia. Nikatumia utambi. Nikarudia tena, nikaanza kuitikisa swichi, nikasikia mlio mdogo, "tik". Pete mbili zilikuwa zimebanduka na njia moja ya shaba imeinuka sentimita nzima.

Nilirekebisha kwa waya wa kurukia, pedali ikalia, lakini nilikaa nikijiuliza nilikuwa namhurumia nani. Swichi ilikuwa imeshakufa! Nilikuwa naitoa nzimanzima, kwa heshima zote, ili niitupe. Leo swichi kama hiyo naivunja kwanza: nafungua mabati yake, nakata plastiki kwa kikata waya mpaka inabaki miguu tisa iliyosimama peke yake kama vijiti. Kila mguu unapashwa joto na kuvutwa kwa kibano, kisha tundu linanyonywa likiwa halina kitu ndani. Kwa kapasita na jeki za bodi ni vivyo hivyo. Kama unatoa kifaa kibovu, kikata waya kimo kwenye orodha ya vifaa vya kuondolea lehemu, na kiko juu.

Inabaki ile kazi ambayo kifaa ni kizima na unakihitaji, au bodi ni ya thamani na viungo ni arobaini. Hapo ndipo bunduki ya kunyonya inapoingia: pasi yenye pua ya bomba, moto wake wenyewe, na pampu ya injini inayovuta mfululizo badala ya pumzi moja. Niliitumia kwa mara ya kwanza kwenye karakana ya mtu, aina ya Hakko FR-301, na nikiri nilirudi nyumbani nikiitazama pampu yangu kwa dharau. Pua inauvaa mguu, unasubiri, unauzungusha mguu kidogo ndani ya pua; ukiona unacheza huru maana yake lehemu imeyeyuka hadi upande wa pili, unavuta kifyatulio, na tundu linabaki safi kana kwamba bodi imetoka kiwandani leo.

Baadaye nilinunua yangu na wiki ya pili ikaziba. Nilikuwa naachia kifyatulio mara tu lehemu ilipopotea machoni, hivyo ikagandia njiani ndani ya pua. Unatakiwa kuendelea kuvuta sekunde moja mbili zaidi ili ifike kwenye chumba chake, na kupitisha sindano ya kusafishia pua ikiwa ingali moto, kila baada ya viungo kadhaa. Vichujio navyo hujaa. Bunduki ni mnyama wa kufuga. Ukiiacha kabatini bila kuisafisha utaikuta imekufa. Na tundu la pua lizidi kidogo unene wa mguu, la sivyo haliuvai.

Kwa gitaa peke yake siinunui. Pua yake ndogo haina la kufanya kwenye mgongo wa poti, na masikio ya swichi hayaihitaji. Kuna pia pasi zenye mpira wa kubinya ubavuni, za bei ndogo, kati ya pampu na bunduki. Nilikuwa nayo, ilifanya kazi kwa kapasita za pedali, ncha yake ikaliwa na kutu, sikuirudia. Na ile lehemu maalumu yenye bismathi, inayobaki kimiminika kwa muda mrefu hata kwenye joto dogo, ni ya vidude vilivyobandikwa juu ya bodi. Nimeitumia mara mbili. Lazima usafishe mabaki yote kabla ya kulehemu upya, kwani yakichanganyika kiungo kinakuwa dhaifu.

Jambo moja silifanyii mzaha: amplifaya ya taa, ile inayotumia vali za kioo badala ya transista. Kapasita zake hubeba volti mia kadhaa na huzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Kabla ya pampu, utambi au chochote, nazitoa umeme wake kwa rezista yenye uwezo unaofaa na napima kwa multimita mpaka nione zimeshuka karibu na sifuri. Asiyejua kufanya hivyo asifungue. Moshi wa kulehemu nao ni wa flaksi zaidi kuliko risasi, lakini unachoma mapafu, kwa hiyo nina feni ndogo inayouvuta pembeni. Risasi yenyewe inabaki vidoleni. Mikono inaoshwa kabla ya kula.

Pikapu ya rafiki yangu niliipeleka kwa mtu anayesuka koili. Aliiweka chini ya lenzi, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema nina bahati, umekatika mwisho wa nje. Ungekuwa wa ndani, koili yote ingesukwa upya. Akaufungua mzunguko mmoja tu kutoka kwenye koili, akausafisha rangi ya kukinga kwenye ncha, akaulehemu kwenye kitundu kwa mguso mmoja. Ikasoma kiloomu 5.9 vilevile.

Lile gitaa lilirudi kwangu mwaka jana, jeki imelegea. Nililikuta limejaa mabonge yangu ya zamani, ya kijivu, makavu, moja likiwa na alama ya ncha ya penseli iliyozama ndani yake. Niliyalisha lehemu mbichi, nikavuta waya mbili za jeki, nikanyonya masikio, nikafunga jeki mpya. Rafiki yangu alikuwa amekaa kando na simu yake.

"Tayari?"

"Tayari."

Akalichukua, akalichomeka, akapiga nyuzi mbili tatu, akageuza swichi kwenda shingoni na kusikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Pikapu hukuigusa, sivyo?"

"Sikuigusa, kaka."